Kiti Badala ya Godoro

Jumanne, tarehe 4 Machi 2008, nilimpoteza mdogo wangu. Alikuwa na miaka ishirini na sita, askari katika jeshi la Ubelgiji, mtoto wa mwisho wa mama yetu. Alijiua. Jinsi alivyofanya sitaandika, kwa sababu nimejifunza kwamba habari hiyo haimsaidii mtu yeyote aliye hai. Neno lenyewe naliandika, kwa sababu ukoo wetu ulikaa wiki tatu nzima bila kulitamka.

Mimi ni dada yake mkubwa. Shule niliiachia Lubumbashi, mwaka wa tatu wa sekondari. Hapa Brussels kazi yangu ni kusafisha sakafu hospitalini, upande wa Woluwe. Sijazoea kuandika, lakini haya niliyaona kwa macho yangu na mengine niliyafanya kwa mikono yangu, kwa hiyo sina wasiwasi nayo.

Mdogo wangu alipenda wanaume. Mimi nilijua, maman hakujua. Katika nchi hii wakati ule wanaume wawili waliweza tayari kuoana mbele ya meya, na jeshi halikumkataza kuwa alivyo. Kwenye karatasi mambo yake yalikuwa sawa. Lakini karatasi hazilali bwenini. Kule kambini mtu alitundika gauni la mwanasesere kwenye kabati lake. Walipokwenda mazoezini porini, hakuna aliyetaka kulala naye hema moja. Rangi yake nayo ilikuwa na utani wake, hivyo alibeba mizigo miwili. Jumapili akija kwetu, mamans wa kanisani walimshika mashavu na kumuuliza harusi lini. Kule walimcheka kwa alivyo, na sisi tulimsifu kwa asivyokuwa.

Mwezi wa kwanza wa mwaka ule alikuja jikoni kwangu, mtaa wa Forest, mchana. Nilikuwa nayeyusha sombe ya barafu, kisamvu chetu.

"Yaya," aliniambia, maana kwetu yaya ni dada mkubwa, "kule kambini, ku caserne, balisha kujua."

"Banasema nini?"

"Habasemi. Banacheka tu. Nikiingia, banacheka. Nikitoka, banacheka."

Nilimjibu bila kugeuka. Nakumbuka mwiko ulivyokuwa mkononi. "Bon, bacheke. Weye uko mwanaume, uko soda. Vumilia. Na maman usimwambie, utamuua."

Akasema, "Sawa, yaya." Akala vizuri, akaosha sahani yake, akaenda.

Maneno yangu yalikuwa hayo, sikupunguza wala sikuongeza. Yule soda niliyemwambia avumilie, kwetu ndilo jina la askari, alikuwa ananiomba kitu, nami nilimpa amri.

Mwezi wa pili alianza kugawa vitu. Alimletea tonton, kaka wa maman, suti yake nzuri ya Jumapili. Alimletea maman mashine ya kusagia. Mimi alinipa koti lake la baridi, na baridi bado ilikuwepo. Kwetu mtu anayegawa amebarikiwa. Hakuna aliyeuliza kitu. Maman alipiga vigelegele, akamwombea apandishwe cheo. Tonton aliivaa suti palepale sebuleni, akazunguka kama bwana harusi, na mdogo wangu akacheka hadi akashika ukuta. Hicho ndicho kicheko chake cha mwisho nilichokisikia.

Kilio tulikifanyia kwangu. Wasioijua desturi niwaeleze. Unatoa kitanda na makabati, unaweka godoro chini sebuleni, na viti vya plastiki mpaka kwenye ngazi. Viti ni vya wageni. Godoro ni la aliyeondokewa. Mke akifiwa na mume, au mume na mke, hukaa hapo siku arobaini. Hapiki, hafui, halali peke yake, hata msalani husindikizwa. Wengine humlisha, wengine humkalia tu kimya. Nilipokuwa msichana niliona ni kama kifungo. Siku hizi nasema walioanzisha jambo lile walijua wanachokifanya.

Mdogo wangu hakuwa na mke, kwa hiyo maman ndiye alikaa kwenye godoro. Tonton alisimama mlangoni na kumwambia kila aliyeingia: "Accident ya kazi. Accident, ni vile, jeshi." Alilisema mara nyingi mpaka nadhani yeye mwenyewe aliliamini.

Siku ya pili waliingia askari watatu wazungu, sare zimepigwa pasi, kofia mikononi. Wawili walisalimu na kutoka. Wa tatu alibaki, mtu mrefu mwenye ndevu fupi nyekundu. Tonton akafurahi sana, maana kwake kila mzungu mwenye sare ni chef, yaani mkubwa.

"Chef! Karibu, chef! Mupeni chef fauteuil!"

Akamwondoa mzee mmoja kwenye kiti kikubwa, kile cha karibu na picha ya marehemu, akamkalisha mzungu. Sahani ya kuku ya kwanza ikaenda kwake, na mapaja mawili juu. Alikaa mgongo wima, sahani juu ya magoti, hakula. Wanawake walipoanza kulia kwa sauti, niliona sahani inatetemeka. Nikafikiri, maskini, wazungu hawajazoea vilio vyetu. Baada ya saa moja aliinuka, akanipa mkono, akasema kwa Kifaransa pole zake, na mkono wangu hakuuachia. Tonton ndiye alitutenganisha, akimsindikiza hadi kwenye lifti: "Merci, chef. Umetupatia heshima, chef."

Sisi wote tuliona tumempokea vizuri sana.

Niliporudi kazini nilikuta muuguzi mmoja wa ghorofa ninayosafisha, mama wa Kibelgiji aliyekaribia kustaafu, ananingoja kwenye chumba cha mashuka. Akaniuliza mdogo wangu alikufaje. Nikasema ajali. Akaendelea kukunja mashuka, hakuondoka. Nadhani tulikunja mashuka kumi. Kisha nikasema neno lile kwa mara ya kwanza, nikiwa nimeshika pembe mbili za shuka naye kashika mbili.

Hakusema ni mapenzi ya Mungu. Aliniambia kwamba ukimwogopea mtu, muulize waziwazi kama anataka kujiua, kwa neno hilohilo, usilizungushe. Nikamwambia kwetu hiyo ni kumwita shetani. Akajibu: "Swali halimtii mtu wazo hilo kichwani. Kama analo, analo tayari. Ukimuuliza, anajua kwamba hayuko peke yake nalo. Kisha usimwache, na umlete."

Nilikasirika. Nilitaka mtu angeniambia hayo mwezi wa kwanza, kabla ya sombe. Lakini niliyashika.

Mwishoni mwa mwezi wa tatu nilikwenda kuchukua vitu vya mdogo wangu. Siku za mapumziko alikuwa anakaa Saint-Gilles, katika nyumba aliyochangia na "koloki", mwenzake wa kupanga, ndivyo alivyotuambia. Nilipiga kengele saa nane mchana, nimetoka kazini. Aliyefungua ni yule chef wa ndevu nyekundu.

"Yaya," akasema. Alilitamka jina hilo kama mtu aliyelisikia kila siku mezani.

Niliingia. Chumba cha kulala kilikuwa kimoja, na kitanda kimoja. Ukutani kulikuwa na picha yao wakiwa ufukweni, mdogo wangu amevaa kofia ya huyu. Hakunificha kitu, nami sikuwa na haja ya kuuliza. Walikuwa wamekaa pamoja miaka mitatu.

Ndipo nikaona maboksi. La mdogo wangu lilikuwa moja, limeandikwa "familia". Mengine yalikuwa sita, na juu ya kila moja kulikuwa na jina: la mama yake huyu, la dada yake, la rafiki. Mimea yote ilikuwa imetolewa nje kwenye ngazi, ikiwa na kikaratasi kwa jirani. Nikauliza anahama kwenda wapi. Akasema hahami, anapunguza vitu tu.

Akilini nikaiona suti ya tonton. Nikaliona koti nililokuwa nimelivaa mwilini mwangu saa ileile.

Sikuogopa. Watu huniuliza kama niliogopa, nami nasema hapana, kwa sababu mara hii nilikijua nilichokuwa nakitazama. Nilimshika mkono na kumuuliza kwa Kifaransa changu cha sokoni: "Unataka kujiua?"

Alitazama maboksi. Akasema ndiyo.

Nikamuuliza kama kuna kitu alichokuwa amekiandaa. Akanionyesha. Nilikitia kwenye mfuko wangu wa kazi, chini ya glavu, na jioni ileile muuguzi wangu alikipokea. Kisha nikamwambia: "Kwetu mtu aliyefiwa na mwenzake halali peke yake. Mwenye kufiwa ulikuwa wewe, na sisi tulikupa kiti. Tulikosea. Sasa vaa viatu."

Kwanza nilimpeleka Woluwe, kwa daktari. Njiani alisema hofu yake. Ikijulikana jeshini kwamba kichwa hakiko sawa, watamnyang'anya silaha, watampa kazi ya ofisini, na wote watauliza kwa nini. Nikamwambia silaha wachukue, hiyo ndiyo sehemu nzuri ya habari. Akacheka kidogo kwa pua. Tulikaa mapokezi pamoja, mimi na vazi langu la usafi ndani ya koti, na madaktari waliopita walidhani niko kazini. Daktari alizungumza naye zaidi ya saa nzima, akampa likizo na siku za kurudi mara mbili kila wiki. Akamuuliza nyumbani atakuwa na nani. Nikajibu mimi.

Godoro nililitoa nyuma ya kabati nikalilaza sebuleni mahali palepale.

Tonton alifika kesho yake mchana. Alimkuta chef kwenye godoro, hana viatu, blanketi mabegani.

"Alors, huyu muzungu anafanya nini kule chini? Mupe kiti!"

"Hapana, tonton. Iko ku kilio."

"Kilio ya nani?"

"Ya mutoto yetu. Huyu njo alikuwa mwenzake. Banakaa pamoja trois ans."

Tonton alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Donc weye unaniletea mujane mwanaume. Tena mwenye ndebu."

"Njo huyo, tonton."

"Na accident?"

"Hakukuwa accident. Unajua, najua."

Alitaka kupiga kelele, nikaona mishipa ya shingo. Lakini maman alikuwa ameingia nyuma yake na sufuria ya bukari, ugali wetu, imefungwa kwenye kitambaa, na alikuwa amesikia yote. Yule ambaye nilimwambia mdogo wangu kwamba habari hii itamuua, alikuwa amesimama wima mlangoni. Hakufa. Aliweka sufuria chini, akavua viatu polepole, akamtazama yule mzungu. Kifaransa chake ni kidogo. Akaniambia: "Muulize kama mutoto yangu alikuwa anakula bien kule kwake."

Nikamuuliza. Akajibu kwamba alikula sana, ila uji alikataa.

"Hata akiwa mudogo alikataa," maman akasema. Akakaa kwenye godoro kando yake, akamega tonge, akaliweka mkononi mwake. Walilia wote wawili, kila mtu kwa desturi yake, maman kwa sauti, yeye kimya.

Tukapanga zamu. Asubuhi nikiwa kazini alikaa maman. Mchana mimi. Tonton alisema hatashiriki jambo hili hata siku moja, na siku ya nne akaja na ubao wa dame, ule mchezo wa drafti. "Mi niko hapa juu ya télé," alisema, "ya kwangu ilikufa." Tulijua télé yake haijafa. Alikaa zamu nzima, akamshinda chef michezo sita, akimtukana kwa Kiswahili: "Cheza, chef! Jeshi gani hii, hamujue kushambulia?"

Haikuwa rahisi kama ninavyoiandika. Kulikuwa na siku alizogeukia ukuta. Kulikuwa na siku aliyonifokea kwamba mimi nalipa kwake deni ninalodaiwa na marehemu, na huo ulikuwa ukweli, nikamwambia ni ukweli. Jumapili ya tatu aliomba kwenda peke yake kwenye soko la stesheni ya Gare du Midi kununua giligilani. Daktari alisema hatua ndogo ni nzuri, nikakubali. Saa moja ikapita, mbili, tatu. Simu haikupokelewa. Nikampigia daktari wa zamu na polisi, nikapanda tramu. Nilimkuta ndani ya stesheni, kwenye benchi, chini ya ubao wa treni, fungu la giligilani limenyauka mapajani.

Nikakaa. Nikauliza swali lile tena. Mara ya pili ni rahisi zaidi.

"Leo saa tano, ndiyo," alisema. "Sasa sijui. Nilikaa hapa kwa sababu kuna watu. Wewe ulisema nisikae peke yangu."

"Kwa nini hukupokea simu?"

"Niliona aibu."

"Aibu njoo nayo nyumbani. Tonton anangoja."

Tukapitia hospitali kwanza. Alilala huko siku nne, na maman alimpelekea sombe ambayo wauguzi waliinusa kwa mashaka. Kisha akarudi kwenye godoro kumalizia siku zake. Siku ya arobaini maman alimwagia maji mikononi, kama anavyofanyiwa mjane, akampa shati jipya. Mbele ya mamans wa kanisani waliokuja, alimwita mukwe wangu, mkwe. Mama mmoja alinyanyuka akaondoka. Wengine walibaki kula.

Alirudi jeshini majira ya vuli, bila silaha kwa muda mrefu, katika ofisi. Alimwambia mkuu wake ukweli wote, wa marehemu na wa kwake. Wapo waliomcheka. Lakini miezi michache baadaye askari mmoja alibisha mlango wa ofisi ile akafunga nyuma yake, na baadaye mwingine. Aliomba kusomea kazi hiyo ya kuwasikiliza wenzake, akaipata. Aliniambia kwamba hana ufundi mkubwa, anauliza swali la muuguzi wangu, kisha haendi popote. Mahali ambapo mdogo wangu alichekwa kila akiingia, sasa palikuwa na mlango mmoja. Sisemi kwamba hilo linatosha. Nasema upo.

Mwaka 2015, wakati ambapo askari walikuwa wamesimama na bunduki kwenye stesheni zote za Brussels, alinipigia simu Jumamosi mchana.

"Yaya, godoro bado liko?"

"Liko."

"Nina koplo mmoja, mwanamke. Mpenzi wake alimwacha, na wenzake wa zamu wameandika mambo ya ovyo juu yake. Nilimuuliza. Alisema ndiyo. Tumetoka kwa daktari, silaha imebaki kule, Jumatatu anarudi hospitalini. Hataki kwenda kwa wazazi wake, hawajui. Daktari anauliza atakuwa na nani."

"Na mimi," nikasema. "Na wewe pia. Leta blanketi, langu moja limechakaa."

Niliwapokea Midi. Alikuwa binti mwenye mabega mapana na macho mekundu, begi la jeshi mgongoni, akaniomba radhi kwa usumbufu mara tatu kabla hatujafika kwenye tramu. Nyumbani maman, ambaye magoti yake siku hizi hayashuki tena hadi chini, alimwonyesha godoro kwa fimbo.

"Kuya, mutoto. Vula viatu."

Alivua. Alikula kidogo, akalala hadi Jumapili adhuhuri, mmoja wetu akiwa karibu wakati wote. Jumatatu asubuhi tulimsindikiza kwa daktari, tukarudi naye. Mchana tonton alipanda ngazi akiitukana lifti mbovu, ubao wa dame kwapani, amevaa suti ile ya mdogo wangu, viwiko vimeshaanza kung'aa. Akamtazama yule binti kwenye godoro.

"Na huyu naye ni chef?"

"Koplo, tonton."

"Bon. Koplo, panga."

Binti alipanga kete. Alimshinda mchezo wa kwanza, na tonton akasema ubao ulikuwa umeinama.